Mficha Uchi Hazai: Stara ya Maskini Kwenye Mlango wa Chuo

Ukiniuliza vijana wa Tanzania wanaandika nini kwa wingi zaidi katika mwaka, sitataja mashairi wala hadithi fupi, ingawa hapa ndivyo tunavyovishabikia. Nitataja fomu ya kuomba mkopo wa elimu ya juu. Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, kila steshenari yenye kompyuta mbili na printa inayokohoa hugeuka kuwa chumba cha uandishi. Kijana anakaa kwenye benchi na bahasha ya vyeti mapajani, anahesabu kila alichokosa tangu azaliwe, na kijana mwenzake mwenye duka anachapa. Majirani huniletea fomu hizo niwakagulie lugha, kwa sababu mtaani nimeshabandikwa jina la mwalimu. Kwa kuzisoma nyingi nimekuja kuamini kwamba huu nao ni utanzu. Una kanuni zake, una mhusika mkuu wake, una hadhira yake moja tu ambayo mwandishi hataiona uso kwa uso.

Mhusika mkuu wa utanzu huu anatakiwa awe na akili nyingi na hali mbaya, vyote viwili kwa pamoja. Akipungukiwa akili hadahiliwi. Hali yake ikipungukiwa ubaya, hakopeshwi. Na ubaya wenyewe lazima uwe wa aina inayoweza kupigwa muhuri. Mzazi aliyekufa ana cheti cha kifo, na cheti hicho kinahakikiwa na RITA. Ulemavu una fomu ya daktari. Kaya iliyomo kwenye mpango wa TASAF ina namba yake. Aliyesomeshwa sekondari na mfadhili anatakiwa kuleta barua ya mfadhili. Halafu kuna saini ya serikali ya mtaa au kijiji, kuna mdhamini na picha yake, kuna Kamishna wa Viapo, na baada ya hapo karatasi zote zinapigwa skani na kurudishwa mtandaoni. Kabla ya yote hayo umeshalipa ada ya maombi, ambayo kwa miaka kadhaa imekuwa shilingi 30,000, na hairudishwi ukikosa. Yaani mtu anayeomba kwa sababu hana, anaanza kwa kutoa.

Sitaki nieleweke vibaya. Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwaka 2005, na wapo walimu, madaktari na wahandisi wengi nchini ambao bila hiyo wangekuwa wanafanya kitu kingine kabisa. Mkopo wake hautozwi riba. Tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani, iliyokuwa ikiwafanya wadaiwa waone deni linanenepa badala ya kukonda, iliondolewa mwaka 2021. Hayo ni mambo mema na tuyaseme. Ninalouliza ni jambo jingine, nalo ni la kimaadili zaidi kuliko la kibajeti. Je, ni haki kumtaka mtu athibitishe umaskini wake ili apate kile ambacho akili yake imeshamstahilisha?

Waswahili tuna majibu mawili, na yanagombana. La kwanza limo kwenye neno stara. Mtu mwenye stara si lazima awe na mali. Ni yule ambaye shida zake hazijamwagika barabarani. Mama anayepika uji bila sukari kisha akawaambia wageni kwamba daktari amemkataza sukari, anajisitiri, na sisi tunaojua tunamsaidia kwa kunyamaza. Ukimsaidia mtu huku unamvua stara yake, umempa kwa mkono mmoja na kumpokonya kwa mwingine. Wazee waliposema aibu ya maiti aijuaye ni mwosha, hawakuwa wanazungumzia maiti peke yake. Walikuwa wanasema kwamba kuna watu wachache wenye ruhusa ya kuona, na ruhusa hiyo ina masharti, la kwanza likiwa kufunga mdomo.

Jibu la pili ni lile nililoliweka juu ya makala hii. Mficha uchi hazai. Unataka msaada, funua. Hakuna mganga wa kumtibu aliyefumba kidonda. Fomu ya mkopo imesimama juu ya methali hii, na kwa upande fulani iko sawa: fungu ni dogo, waombaji ni wengi, nani atajua nani ana shida zaidi kama hakuna anayesema? Lakini methali hii tunaitumia kwa haraka mno. Mwanamke anayezaa anafunuka mbele ya mkunga, mtu aliyemchagua au angalau anayemwamini, ndani ya chumba kilichofungwa mlango. Hafunuki mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na mdhamini, na wakili, na kijana wa steshenari anayesoma kwa sauti ili asikosee kuchapa, huku foleni nzima nyuma inasikiliza kwamba mama yake huyu anafua nguo za watu.

Mwanafalsafa mmoja wa Kiingereza, Jonathan Wolff, aliandika makala mwaka 1998 kuhusu jambo linalokaribiana sana na hili. Alikuwa anawafikiria watu wasio na ajira wanaoomba ruzuku ya serikali. Ili mfumo uwe wa haki, alisema, unapaswa kutofautisha kati ya asiyeweza kupata kazi na asiyetaka. Sawa. Lakini kutofautisha huko kunamlazimu mtu asimame mbele ya ofisa na kueleza, kwa undani, kwamba hata kazi zikiwepo yeye hana uwezo wa kuzipata. Anakiri kwa wengine jambo ambalo pengine hajawahi kulikiri kwa nafsi yake. Wolff akasema wazi kwamba haki na heshima, vitu tunavyodhani ni ndugu, vinaweza kugombana. Mwaka uliofuata Elizabeth Anderson, wa Marekani, akalitia chumvi zaidi: aliibuni barua ambayo serikali ingeiambatanisha na hundi ya fidia, ikimweleza mpokeaji kwa upole kabisa kwamba anapewa pesa hizi kwa sababu yeye ni duni. Ukiisoma unacheka, halafu unaacha kucheka.

Nilipomsoma Wolff nilijiambia huyu bwana hajawahi kufika steshenari yoyote ya Dar es Salaam, lakini anaijua.

Kuna tofauti moja, hata hivyo, kati ya mtu wake na kijana wetu. Mtu wa Wolff anakiri upungufu wake mwenyewe. Kijana wetu anatoa siri ya watu wengine. Kipato cha baba si siri yake. Kwamba wazazi wameachana, kwamba babu aliuza shamba, kwamba mama hajui kusoma na sahihi yake ni dole gumba, hayo ni mambo ya nyumba. Amefundishwa tangu utotoni kwamba ya nyumbani hayatoki nje, na sasa, akiwa na miaka kumi na tisa, elimu yake yote inategemea kuyatoa. Tena ayatoe vizuri, kwa mpangilio.

Hapo ndipo umaskini unagawanyika mara mbili, na sijaona mahali tunapolijadili hili vya kutosha. Upo umaskini wenye karatasi na upo umaskini usio na karatasi. Yatima mwenye vyeti viwili vya kifo vilivyohakikiwa ana ushahidi, na Mungu anisamehe kwa kulisema hivi. Lakini vipi yule ambaye baba yuko hai na hatoi senti? Vipi mtoto wa mwalimu wa shule ya msingi, ambaye mshahara wa mzazi unaonekana wote kwenye hati ya malipo mpaka senti ya mwisho, ila hauonekani unavyogawanywa kwa wadogo zake watano na bibi mgonjwa? Mfanyabiashara wa nafaka mwenye fuso mbili lakini asiye na kumbukumbu yoyote rasmi, kwenye fomu anaweza kuandikwa mkulima. Mwalimu hawezi kuandikwa chochote isipokuwa mwalimu. Mfumo unaoona karatasi unamwona zaidi yule aliye karibu na serikali, na kumwona zaidi maana yake ni kumdhania ana uwezo.

Miaka michache nyuma alinijia binti wa jirani, aliyefaulu vizuri sana, division one ya masomo ya sayansi kutoka shule ya kata. Alikuja na mama yake na mjomba wake. Baba yao aliondoka akiwa darasa la tatu, ana mke mwingine Morogoro, hapigi simu wala hatumi kitu. Mjomba, mtu mwema ambaye ndiye aliyekuwa akilipa michango ya shule, alikuwa na wazo. Anamfahamu mtu wa kutengeneza cheti cha kifo.

"Dada," akamwambia mama yake binti, "mtu kaondoka miaka kumi, hajui hata mtoto wake amefaulu. Ana tofauti gani na marehemu?"

"Tofauti ni kwamba marehemu huombewa dua," yule mama akajibu. Halafu akasema, "Mimi siwezi kumzika mtu anayetembea. Huo ni uchuro."

Mjomba akanigeukia mimi. "Mwalimu, hebu tusaidie."

Nilimweleza habari ya uhakiki wa RITA, kwamba cheti cha kubuni kitagundulika na mtoto ataingia matatani. Jibu hilo lilitosha kumaliza kikao, lakini si jibu la kimaadili. Ni jibu la mtu anayeogopa kukamatwa. Swali la kweli lilikuwa limebaki pale pale mezani: kama cheti kisingegundulika, je?

Nimelifikiria sana, na msimamo wangu ni kwamba bado lingekuwa kosa, ila kosa lenyewe haliko pale tunapopazoea kulitafuta. Anayedanganya kwenye fomu hudhani anaidanganya serikali, na kuidanganya serikali kwetu kuna msamaha wake. Serikali nayo imetudanganya mara ngapi? Lakini fungu la mkopo lina mwisho. Kila mwaka wako walioomba, wakastahili, wakakosa au wakapata nusu. Kwa hiyo aliyemzika baba aliye hai hakuchukua pesa ya Wizara ya Fedha. Amechukua nafasi ya mtoto mwingine, huko Kasulu au Newala, ambaye baba yake amelala kaburini kweli. Uongo huu hauna sura ya aliyeibiwa, na ndiyo maana unakuwa mwepesi. Sura hiyo ipo, tena inafanana mno na sura ya huyu aliyekaa mbele yangu.

Hata hivyo sikubali kwamba lawama yote imwangukie mjomba. Fomu imemuuliza mpwa wake swali la ndiyo au hapana kuhusu jambo ambalo kwenye maisha yake si ndiyo wala hapana. Baba yuko hai? Ndiyo. Je, ni baba? Hilo halikuulizwa. Ukimpa mtu visanduku viwili na maisha yake hayaenei ndani ya chochote kati ya hivyo, umemfundisha kwamba ukweli hauna mahali pa kukaa, na uwongo una sanduku lake kabisa, limechorwa vizuri, linasubiri tiki.

Binti aliandika baba yuko hai. Sasa yuko mwaka wa tatu. Ada inalipwa kwa mafungu, na mama yake, aliyekuwa na vyerehani viwili, sasa ana kimoja.

Mlango wa chuo haujawahi kuwa mlango mtupu. Kuna nyakati ulikuwa na swali tofauti, na ni vizuri vijana walijue. Mwalimu Nyerere aliwahi kumfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu ya kwenda mbali kuleta chakula kwa wenzake. Akila akatokomea, ni msaliti. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu, Dar es Salaam, walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, aliwarudisha makwao karibu mia nne, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwaka 1974, Azimio la Musoma likaweka sharti kwamba kijana asiingie chuo kikuu moja kwa moja kutoka shuleni. Afanye kazi kwanza, na alete mapendekezo ya mwajiri na ya tawi la chama.

Sifagilii sharti lile. Mapendekezo ya tawi la chama ni kumpa mwenye tawi fimbo, na wanawake, ambao miaka ile ya kusubiri iliwaweka kwenye shinikizo la kuolewa, iliwaumiza zaidi hadi ikabidi walegezewe. Halikudumu. Lakini linganisha maswali. Zamani mlango uliuliza: umewafanyia nini wenzako, na utawafanyia nini? Leo unauliza: huna nini? Swali la kwanza lilikuwa na unafiki wake, lakini mtu alilijibu akiwa amenyoosha mgongo. Kati ya maswali hayo mawili ilipita miaka ya themanini na tisini, sera ya kuchangia gharama, na elimu ya chuo kikuu ikaacha kuwa deni la mtu kwa kijiji, ikawa deni la mtu kwa bodi. Deni la kijiji lilikuwa halina kiwango. Deni la bodi linajulikana: tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016, asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kila mwezi, hadi liishe.

Kuna watakaoniambia: acha sifa ziamue. Waliofaulu zaidi wapate, mambo ya umaskini tuyaache. Sina subira na hoja hii, kwa hiyo nitaipita haraka. Division one ya kemia kutoka shule yenye maabara na division one ya kemia kutoka shule ambako titresheni ilifundishwa ubaoni kwa chaki si kitu kimoja, na kila aliyewahi kufundisha anajua. Ukiangalia alama peke yake unalipa mara ya pili kile ambacho wazazi wenye nacho walishakilipia.

Wakenya wamejaribu njia ya kitaalamu zaidi. Mwaka 2023 walizindua mfumo mpya wa kugharimia vyuo vikuu, ambao unazipanga kaya katika makundi matano kwa kutumia kipimo cha uwezo. Familia ya kundi la kwanza ilitakiwa kuchangia asilimia 5 ya gharama za masomo, ya kundi la tano asilimia 40, na katikati kukawa na ufadhili na mkopo kwa viwango tofauti. Kwenye karatasi, mfumo unapendeza. Malalamiko yaliyofuata yalikuwa yale yale tunayoyajua huku: mtoto wa mama mboga amewekwa kundi moja na mtoto wa mwenye maghorofa, na hajui kwa nini, kwa sababu kipimo kimeshasema. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikatamka kwamba mfumo unakwenda kinyume na Katiba, na mvutano ukaendelea kwenye rufaa. Ninachojifunza hapo ni kwamba kompyuta haiondoi aibu. Inaondoa tu mtu wa kumlalamikia. Mwenyekiti wa mtaa unaweza kumfuata jioni kwake ukamwambia, mzee, mbona umeniandika hivi? Kipimo hakina jioni wala kwake.

Na wale wanaodhani nchi tajiri zimelimaliza jambo hili, waangalie Marekani, ambako vijana wetu kadhaa hujaribu bahati kila mwaka. Kule mwombaji anaandika insha binafsi isiyozidi maneno 650 akieleza yeye ni nani. Kijana wa Mwanza au Kisumu anajifunza mapema kwamba njaa inasomeka vizuri, hasa ikimalizikia kwenye ushindi. Anaiandika njaa hata kama jambo analolipenda kweli ni kufuga njiwa. Vyuo vichache tu ndivyo vinavyosema havitaangalia uwezo wa kifedha wa mwombaji kutoka nje; kwingine kote, kuhitaji msaada ni sababu halali ya kukunyima nafasi. Wakati huohuo, mwaka 2019, waendesha mashtaka wa huko walifichua biashara ya William "Rick" Singer, aliyekuwa akiwauzia wazazi matajiri alichokiita mlango wa pembeni: kugushi majibu ya mitihani, kuwahonga makocha ili mtoto asiyejua kuogelea aandikwe mwanamichezo. Watu hamsini walishtakiwa mwanzoni, yeye mwenyewe akafungwa. Lakini Singer aliuita wa pembeni kwa sababu mlango wa uani ulikuwepo tayari, nao ni halali hadi leo: changia jengo, mtoto wako ataangaliwa kwa jicho jingine. Tajiri wa mlango wa uani haulizwi chochote cha nyumbani kwake. Stara yake inaingia chuoni ikiwa nzima, imepigwa pasi.

Basi tufanye nini? Mimi si mchumi, na jibu la "wote wapewe bure" nimelisikia likisemwa na watu ambao hawajawahi kupanga bajeti hata ya harusi. Lakini kuna jambo ambalo halinikai sawa. Kama mkopo utarudishwa kwa kukatwa mshahara, basi siku ya kujua nani anaweza kulipa na nani hawezi ni ile siku ya mshahara. Siku hiyo ukweli uko wazi, una namba, na hauhitaji mtu aseme mama yake anafua nguo za watu. Kwa nini nguvu zetu zote za kupekua tuzitumie kwa mtoto wa miaka kumi na tisa ambaye hana kitu, badala ya kuzitumia kwa mtu mzima wa miaka thelathini na tano ambaye anacho? Mtaniambia: fungu halitoshi kuwakopesha wote waliodahiliwa, na ukifungua mlango, watoto wa wenye fuso wataingia wa kwanza. Hoja hiyo ni ya kweli na sina jibu lake kamili. Nasema tu kwamba wenye fuso wanaingia hata sasa, wameandikwa wakulima.

Na hata tukibaki na kupekua, kuna namna za kupekua. Serikali inayo orodha ya TASAF. Inayo kumbukumbu za vifo. Inajua mtoto amesoma shule gani. Yote ambayo inaweza kuyajua bila kumuuliza mtoto, isimuulize. Saini ya mtaani, ambayo kwa uzoefu wangu inampata yeyote mwenye subira na soda mbili, inathibitisha nini hasa zaidi ya kwamba jirani mmoja zaidi ameisoma habari ya nyumba yenu? Na ada ya maombi, ile ya mkopo na ile ya kila chuo unachokigonga, mimi naiona ni dosari kubwa kuliko ukubwa wake. Tangu mwaka 2017, ulipoachwa ule mfumo wa pamoja wa udahili wa TCU na waombaji wakarudi kuomba chuo kimoja kimoja, mwenye pesa anaomba vyuo vitano, mwenye nayo kidogo anaomba kimoja na kufunga macho. Hakuna aliyekaa akaamua kwamba mtoto wa mwenye nacho apewe bahati mara tano. Imetokea tu, na kwa kuwa imetokea tu, hakuna anayejisikia kuitetea wala kuiondoa.

Kuna kitu kimoja nilikiona kwa wanafunzi ambacho bado nakitafakari. Fedha za kujikimu, zile wanazoziita bumu, zikiingia, chuo kizima kinabadilika sura kwa siku kadhaa. Mama ntilie wanajua, wauza viatu vya mtumba wanajua. Kiwango kilipandishwa hadi shilingi 10,000 kwa siku, na ukikaa ukapiga hesabu ya chumba na milo na nauli, haibaki kitu. Lakini ukiongea na wale watoto wa umaskini usio na karatasi, waliopata japo kidogo, utakuta wengi siku ya bumu wanasimama kwanza kwa wakala wa simu. Wanatuma nyumbani. Elfu ishirini kwa mama, elfu kumi ya daftari za mdogo, halafu wao wanarudi kwenye mlo mmoja mpaka mwisho wa mwezi. Wanakula kidogo kuliko bodi ilivyowapangia, kwa mkopo watakaoulipa wao wenyewe kwa miaka mingi. Fomu iliwauliza, kwa kurasa kadhaa, ni nani anayewategemeza. Hakuna mahali ilipouliza wao wanamtegemeza nani.